Mlango wa Buluu Kwenye Picha

Mama alikuwa na jiwe nililolipenda. Lilikuwa dogo, la kijivu, linaenea kwenye kiganja, lakini ukilinyanyua unashtuka kwa uzito wake. Aliliokota kwenye udongo wa magunia yake ya mboga za sukuma, akaliosha, akaniletea mezani nikandamizie karatasi zangu, maana chumba chetu cha Kianda, Kibera, kilikuwa na upepo unaoingia chini ya mlango na kutawanya kila nilichochapisha. Kasoro yake ilikuwa moja tu: kila nilipolisogeza liliacha mchirizi wa kijivu kwenye karatasi. Yalikuwepo mengine kama hilo. Moja lilishikilia pazia, yaliyobaki yalikaa kwenye kopo karibu na jiko, na mtoto wa dada yangu alipokuja kukaa nasi ndiyo aliyoyachezea.

Magunia yenyewe yalikuwa fahari ya plot nzima, safu yetu ya vyumba vya kupanga. Mama alikuwa na chumba cha mwisho, na nyuma yake kulikuwa na kiwanja kidogo ambacho mwenye plot hakuwa amekijenga. Huko ndiko alikochimba udongo, akajaza magunia, akapanga kokoto katikati za kupitishia maji, akatoboa matundu pembeni na kupachika miche. Sukuma zilitoka pande zote za gunia, majani makubwa mpaka majirani wakawa wanauliza anazipa nini. "Sizipi kitu," alijibu. "Ni udongo tu. Angalia vile uko mweusi." Nami niliporudi nyumbani kutoka chuo cha mbali na kujiandikisha kwa shahada ya pili, nikaambiwa nitafute mada, sikwenda mbali. Niliangalia nje ya mlango nikaandika: mboga zinazolimwa kwenye magunia mitaani. Sura ya kwanza ilikuwa juu ya nyumba ya mama, bila kumtaja. Niliandika jinsi familia ile inavyojitosheleza kwa mboga. Niliandika kwa majivuno, sifichi.

Mwenzangu wa darasani ndiye aliyenifundisha kutumia programu ya kutunza marejeo. Asiyewahi kuitumia nimweleze kwa kifupi: unaipa majina ya makala za kitaalamu unazohitaji, inakutunzia orodha, na ukitaka makala zenyewe unazichagua zote kwa pamoja, unaiamuru itafute PDF, kisha unakaa kando. Inazunguka mtandaoni yenyewe, inabisha hapa na pale, na kila inapopata, alama ndogo inatokea kando ya jina. Zile ambazo zimefungiwa na wenye majarida, wanaotaka ulipe, zinabaki bila alama. Mimi niliipenda kupita kiasi. Niliiacha ikitafuta huku nikiosha vyombo, nikirudi nakuta alama zimeota.

Mama alinicheka. "Hiyo kompyuta inakutafutia. Sasa wewe kazi yako ni gani?"

"Mimi ndiyo nasoma."

"Aya, soma. Lakini usiiamini sana. Mtu akikutafutia kitu, anakuletea ile ameona, si ile unataka."

Alisema hivyo akichambua mboga, kwa mzaha, na mimi nikacheka. Ukweli ni kwamba alikuwa ameieleza programu hiyo kuliko nilivyoweza kuieleza mimi. Haichagui. Makala iliyokamilika ikiwa imefungwa, inachukua nakala yoyote ya bure inayofanana nayo, na mara nyingi hiyo huwa ni rasimu ambayo mwandishi aliiweka kwenye hifadhi ya chuo chake kabla jarida halijaisafisha: mistari imeachana, namba pembeni, na picha zimerundikwa mwisho bila maelezo. Nilijua hivyo, nami sikujali. Rasimu husema yale yale, nilijiambia.

Alasiri moja ya mvua niliiamuru itafute makala za sumu kwenye udongo wa mijini. Sikuwa na shaka na udongo wa mama. Msimamizi wangu ndiye aliyetaka nionyeshe kuwa nimesoma upande mbaya pia. Alama zikaanza kuota moja moja, na moja ikawa ya makala kuhusu risasi, yale madini yanayotoka ndani ya betri za magari, kwenye mtaa wa mabanda upande wa magharibi wa Nairobi. Mtaa hawakuutaja katika rasimu. Nilikimbilia picha za mwisho kama ninavyofanya siku zote.

Ya kwanza ilikuwa na giza, kama imepitishwa kwenye mashine mbovu ya fotokopi. Ilionyesha uwanja mweusi, masanduku ya betri yaliyopasuliwa, na nyuma yake banda lenye mlango. Mlango ule ulikuwa na namba iliyopakwa na watu wa kuhesabu nyumba, tarakimu ya mwisho imetiririka mpaka chini. Katikati ulikuwa na kiraka cha debe la mafuta ya kupikia, na kwenye kiraka, nusu ya picha ya mnazi.

Mlango ule niliujua. Niliwahi kuubisha mara nyingi. Ulikuwa wa buluu, ingawa picha haikuonyesha rangi, na ulikuwa Kawangware, karibu na mpaka wa Riruta, kwenye chumba cha dada yangu.

Dada alikuwa huko na binti yake mdogo ambaye alikuwa ndio kwanza anajifunza kuongea. Mumewe ni fundi wa nyumba za mabati, mtu wa Kitui, na wakati huo alikuwa amerudi kwao kujenga madarasa. Na mtoto hakuwa sawa. Alikuwa analia tumbo, anakosa choo, amepauka midomo. Maneno machache aliyokuwa ameanza kuyasema yalikuwa yamepungua. Tulisema ni minyoo, akapewa dawa ya minyoo, akaendelea vile vile. Sasa nilikuwa nasoma dalili moja baada ya nyingine kwenye rasimu ile, zimepangwa kwa Kiingereza kikavu, na kila moja ilikuwa na sura ya yule mtoto. Kando ya plot ya dada kulikuwa na gereji iliyotengeneza betri. Kila kitu kilikubaliana. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba kila kitu kilikubaliana.

Nilichukua boda boda mvua ikiwa bado inanyesha. Nilimkuta dada ameinamia beseni la nguo, mlango uko wazi nyuma yake.

"Sasa," nikamsalimia.

"Poa. Mbona umelowa hivyo? Mathe ako sawa?"

"Mama ako sawa. Hebu angalia hii." Nilimpa simu. "Huu si mlango wako?"

Alipangusa mikono, akatazama, akacheka. "Ai, si ni wangu! Mpaka hiyo kiraka. Nani alikuja kupiga mlango yangu picha?"

"Watu wa utafiti. Walichukua udongo wa hapa wakaenda kupima. Wanasema iko na sumu ya betri, na inashika watoto vibaya."

Kicheko kilimwisha taratibu. "Lini hiyo?"

"Kitambo. Kabla uolewe."

"Na hawakusema?"

"Waliandika."

"Waliandikia nani?"

Swali lake nimetembea nalo tangu siku ile. Watu wa utafiti tumewazoea. Wanakuja na fulana zinazofanana, wanachota maji, wanachoma watoto vidole, wanaacha kipande cha sabuni na shukrani. Hatukuwahi kumuona hata mmoja akirudi kusema alichokipata. Na hapo nilikuwa nimesimama na matokeo mkononi, yalikuwa yamekaa mahali hewani miaka yote hiyo, yanasomwa na watu wasiojua Kawangware iko wapi, na yalinifikia kwa sababu tu nilibonyeza kitufe nikitafuta kitu kingine.

Mtoto alikuwa ameketi kizingitini. Alikuwa anapitisha kidole kwenye nusu ya mnazi, juu na chini, kisha akakitia mdomoni. Dada alimuona nami nikamuona.

"Sasa nimpeleke wapi?" akauliza. "Siwezi hama kabla baba yake arudi."

"Mlete kwa mama."

"Kwa shosho?" Alifikiri. "Eeh. Huko kuna nafasi. Na si anakula mboga mzuri." Kisha akanishika mkono. "Lakini tusimwambie baba yake kwa simu. Hii nyumba alijenga na mikono yake. Atadhani nasema ni mbaya. Akirudi nitamwambia pole pole."

Nilikubali. Lilikuwa jambo la adabu, na kwetu adabu hutangulia.

Tulipitia kliniki. Muuguzi alitusikiliza vizuri, akasema kipimo cha damu cha sumu hiyo hakipo pale, akatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Lakini la kwanza, akasema, mwondoeni mahali penyewe. Mpeni maziwa, maharagwe, mboga za kijani kwa wingi. Tulitoka hapo tumefarijika. Kwa kuwa tulikuwa tayari tumemwondoa, barua ile tuliiweka ndani ya Biblia ya mama tukasema tutakwenda dada akipata ruhusa kazini.

Dada alibaki Kawangware na kazi yake, na Kianda ikampokea mtoto. Mama alimtengenezea nafasi kitandani kwake, akamkatia gunia dogo la peke yake nyuma ya nyumba, ajifunze kupanda. Kila asubuhi mtoto alitoka na kijiko akachimba, akapika ugali wa udongo kwenye kifuniko, akatuletea tuonje, nasi tukajifanya tunatafuna. Alipanga yale mawe mazito mstari mmoja, akayabeba mdomoni mikono ilipojaa. Mchana alikula ugali na sukuma, jioni sukuma na maharagwe. Wiki za mwanzo alijaza mashavu. Mama alimbeba kwa majirani akiwaonyesha mapaja yake.

Kisha tumbo likarudi. Alikuwa anaamka analia, amejikunja kama anaficha kitu kifuani. Kikombe kikawa kinamponyoka. Alikuwa anamwita mama "shosho" vizuri kabisa alipofika, sasa akawa anamvuta nguo tu na kuonyesha kidole.

"Ni ile sumu inatoka," mama alisema. "Lazima itoke kwanza ndio apone." Akamwongezea mboga. Mimi, msomi wa nyumba, nilitikisa kichwa kukubali. Lakini kuna asubuhi nilimkuta mtoto amesimama katikati ya magunia bila kucheza, anatazama tu ukuta, nikaingiwa na hofu ambayo sikuweza kuipa jina. Nilimwita akachelewa kugeuka.

Siku hiyo hiyo msimamizi alinirudishia sura zangu. Alikuwa amezungushia marejeo kadhaa kwa kalamu na kuandika kwamba hakuna anayenukuu rasimu. Nitafute makala zilizochapishwa, zenye namba za kurasa. Maktaba ya chuo ilikuwa imenipa njia ya kuingilia kwenye majarida yaliyofungwa, nikaiunganisha na programu. Nikaketi mezani kwa mama, mlango wazi, jua la kabla ya chakula cha mchana likiingia mpaka miguuni. Nikazifuta rasimu, nikazichagua zote, nikaiamuru itafute upya.

Ya risasi ilifika mapema. Safari hii ilikuwa safi, safu mbili, picha zimewekwa mahali pake. Nikaiteremsha mpaka kwenye uwanja mweusi. Sasa ilikuwa na rangi, na mlango ulikuwa wa buluu kweli. Na chini yake kulikuwa na maelezo ambayo rasimu haikuwa nayo. Yalisema kwamba huu ni uwanja uliokuwa ukivunjiwa betri, Kianda, Kibera, kabla haujasawazishwa kwa ajili ya kujengwa vyumba vya kupanga.

Nilisoma mara ya pili nikidhani nimechanganya picha mbili. Kisha nikatazama nyuma ya banda, sehemu ambayo kwenye rasimu ilikuwa giza tupu. Kulikuwa na ukuta wa mawe wa shule, umejengwa kwa ngazi ngazi kufuata mteremko. Kulikuwa na nguzo ya umeme iliyoinama, imezingirwa na waya kama mtu aliyejifunga leso. Niliinua macho. Kupitia mlango wa mama, nyuma ya magunia, nguzo ilikuwa imesimama, imeinama vile vile. Nyuma yake, ngazi ngazi, ulikuwa ukuta wa shule.

Nilimpigia shemeji. Sikumsalimia hata vizuri.

"Shemeji, ule mlango wako wa buluu uliutoa wapi?"

"Mlango?" Nilisikia nyundo za wenzake. "Si hapo kwa mathe? Kulikuwa na mabanda za watu wa betri, mwenye plot akanipea kazi ya kubomoa na kujenga hizo rooms. Zile mabati na milango za zamani akaniambia nibebe. Ndio nikajenga kwangu. Na nikamwambia room ya mwisho awekee mathe, iko na nafasi ya shamba. Kwani?"

Nikamwambia. Si pole pole kama dada alivyotaka. Nyundo zilikuwa bado zinapiga nyuma yake.

"Mtoto ako wapi saa hii?" akauliza.

"Ako hapa."

Mlango kwetu unahama. Mtu akibomoa, mbao zinakwenda, mabati yanakwenda, madirisha yanafuata, na chumba cha Kibera kinaweza kuamka Kawangware na namba yake ubavuni. Kila mtoto aliyekulia hapa anajua. Mimi nilijua. Lakini nilipouona kwenye PDF, kwa heshima zote za chuo kikuu, niliusoma kama watu wanaoishi kwenye nyumba za mawe wanavyosoma: mlango ukiwa hapa, nyumba iko hapa. Kilichobaki Kianda ni kile kisichobebeka. Udongo.

Nilisimama, karatasi zikaanza kupepea, na mkono wenyewe ukaenda kulichukua lile jiwe kuzikandamiza. Nililishika. Uzito ule, ule mchirizi wa kijivu. Makala yenyewe ilikuwa imeeleza vipande vya madini vilivyoachwa ardhini. Nililiachilia likaanguka sakafuni kwa kishindo kikubwa kuliko ukubwa wake.

Nje, mama alikuwa anachuma sukuma za mchana. Mtoto alikuwa amechuchumaa kando ya gunia lake, mikono imezama ndani mpaka kwenye viwiko.

"Mtoe hapo," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mama, mtoe hapo! Udongo ndio huu. Sio Kawangware. Ni huu."

Alinitazama kwanza kwa hasira, kwa kuwa sikuwahi kumpigia kelele. Nilimweleza nikiwa nimemkumbatia mtoto, ambaye alikuwa akinipaka matope mashavuni na kucheka. Mama alisikiliza. Majani yalikuwa bado mkononi mwake, mabichi, yanapendeza. Aliyaangalia, akaangalia magunia, akaangalia vyumba vyote vya plot ambavyo kila wiki vilikuwa vinapata mboga kutoka kwake bila kuombwa.

"Nimtoe nimpeleke wapi?" aliuliza, sauti imekuwa ndogo. "Kawangware si ulisema kuna sumu?"

Kisha akaweka majani chini, akaenda kubisha mlango wa jirani wa kwanza. Aliwaambia yeye mwenyewe, chumba baada ya chumba, kwamba mboga alizowapa wasile tena, na watoto wasitoke nyuma. Mimi nilibaki nikimnawisha mtoto mikono. Maji yalitoka meusi, nikamwaga, nikamnawisha tena.

Hospitali kubwa tulikwenda na dada, na barua ya kliniki tuliyoitoa ndani ya Biblia ikiwa na mikunjo. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimpima mtoto magoti, akamwambia ashike kalamu, ikamponyoka. Akaandika kipimo cha damu.

"Kwenu wengine, nani amekuwa akila hizo mboga?"

Dada alitunyooshea kidole, mama na mimi. Daktari akachukua karatasi nyingine mbili.

"Kwa muda gani? Na kwa wiki ni mara ngapi, kukadiria tu?"

Mama alinigeukia. Macho yake hayakuwa na lawama, afadhali yangekuwa nayo. "Huyu ndiye anajua," alimwambia daktari. "Ameandika yote."

Na ni kweli, nilikuwa nimeandika. Ilikuwa katika sura ya kwanza, aya ya mwanzo kabisa, ile niliyoipenda.

"Kila siku," nikasema. "Tangu tuhamie."